Mbawakawa mwenye pembe ndefu na kipepeo mkubwa wa msituni: nimewaweka meza moja, karibuni tujadili

#1 Seremala_Kibosho

Wakuu, habari za jioni.

Niko Kibosho. Kazi yangu useremala, karakana iko Moshi mjini, ila nyumbani nina kihamba alichoniachia marehemu baba: migomba, kahawa, miti ya kivuli, na mfongo (mfereji wa maji ya kumwagilia) unaopita pembeni. Masika yameshika, na ndani ya siku mbili nimepata wageni wawili. Wa kwanza aligonga taa ya barazani usiku, akaanguka sakafuni kwa kishindo kama punje ya mahindi. Wa pili nilimkuta asubuhi chini ya mlimau, ameshakufa lakini mabawa mazima. Binti yangu wa darasa la tano akaleta rula na daftari, akawalaza wote wawili mezani, akaniuliza: "Baba, kati ya hawa yupi mkubwa?"

Tangu juzi swali hilo limenikaa kichwani, ndiyo maana naanzisha uzi huu.

Nianze na yule wa taa. Ni mbawakawa, wengine mnaita dundu, wa ile jamii yenye vipapasio virefu kupita kiasi. Mwili wake ulifika sentimita 3 kwenye rula. Vipapasio vikimalizika, rula imeshavuka mwili na kuendelea mbele. Kichwa na shingo rangi ya kahawia, na yale mabawa magumu ya juu meupe-meupe yenye mabaka ya kijivu, kama gome la mti lililoota ukungu. Nilimshika kwa vidole viwili mgongoni. Akapiga kelele. Ni kelele kweli, "zii, zii, zii", na kila anapopiga unaona shingo inacheza juu na chini. Anasugua sehemu ya shingo dhidi ya kipande cha mgongo chenye mistari midogo sana, mithili ya tupa juu ya chuma. Binti alimsogelea na taa ya simu, akaona kitu ambacho mimi sikuwahi kukiona miaka yote: jicho la huyu mdudu si duara. Limekatwa kama figo, na kipapasio kimechomoza pale pale kwenye mkato, jicho linakizunguka.

Yule wa pili ni kipepeo wa msituni anayeitwa kitaalamu Papilio dardanus. Huyu alikuwa jike, mweusi mwenye madoa makubwa meupe. Tulimnyoosha taratibu, mabawa yakapita sentimita 9 kutoka ncha hadi ncha. Vidoleni akatuachia vumbi laini. Lile vumbi ni magamba madogo mno yaliyopangwa kama vigae juu ya paa, na rangi yote ya kipepeo iko kwenye magamba hayo. Ukiyapangusa, bawa linabaki karatasi inayopitisha mwanga.

Sasa yupi mkubwa? Rula inasema kipepeo, tena kwa mbali. Lakini muweke mbawakawa kiganjani utamsikia uzito na miguu inavyokung'ang'ania. Kipepeo kiganjani unamwona tu, humsikii. Nikamwambia binti aandike majibu yote mawili.

Halafu nikamwambia kuna kipimo cha tatu, umri. Hapo ndipo tuliposimama muda mrefu.

Kipepeo huyu kutoka yai hadi kuruka ni kama miezi miwili. Yai, kiwavi, pupa, basi yuko angani. Mbawakawa wa kahawa, na huyu ndiye (Monochamus leuconotus), huchukua karibu miaka miwili. Aliyegonga taa yangu juzi yai lake lilitagwa masika ya mwaka juzi, binti yangu akiwa darasa la tatu. Muda wote huo alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya shina la mbuni wangu, gizani, akila.

Naomba nieleze hili kwa utaratibu maana limenigharimu. Kiangazi cha mwaka jana mibuni yangu 14 ilianza kunyauka. Majani yakawa ya njano, yananing'inia, matunda yanakauka mtini kabla ya kuiva. Nikasema ni ukame. Nikafungulia maji ya mfongo usiku na mchana, wiki mbili, na mti hauonyeshi kuyanywa. Mwisho nikakata mmoja chini kabisa, nikaupeleka karakana, nikaupasua kwa msumeno kama ninavyopasua mbao.

Mimi nasoma mbao kila siku, kwa hiyo nilichokiona nilikielewa papo hapo. Chini ya gome, usawa wa udongo, kulikuwa na mfereji unaolizunguka shina kama mkanda. Buu lilikula ile ngozi laini iliyo kati ya gome na mti. Pale ndipo chakula kinachotengenezwa na majani kinapopita kushuka mizizini. Mkanda ukikamilika, mizizi inakufa njaa, na mizizi ikifa hata ungemwaga mto mzima hapo chini haisaidii. Baada ya kuzunguka, buu lile likaingia ndani ya mti wenyewe na kupanda juu, njia yake imejaa maranda yaliyoshindiliwa. Mwisho wa njia kulikuwa na chumba safi, halafu tundu la kutokea, la duara kamili, penseli inaingia bila kukwama. Fundi mwenye keekee mpya asingetoboa vizuri zaidi.

Sasa niangalie upande wa pili. Kiwavi wa kipepeo naye anakula mti. Anakula majani ya jamaa ya mlimau na mchungwa, yale ya porini na wakati mwingine huu mlimau wangu wa nyumbani. Tofauti ni kwamba jani likiliwa mti unaotesha jani jingine. Ngozi ya shina ikizungushiwa mkanda, mti hauna pa kupitia. Mdomo ni uleule wa kutafuna, njaa ni ileile, ila mmoja anakula pale mti unapoweza kusamehe na mwingine anakula pale usipoweza.

Ndiyo maana nadhani sisi wakulima tunakosea tunapowalinganisha kwa sura zao za ukubwani. Sote tunamwona kipepeo tunasema mzuri, tunamwona dundu tunamkanyaga. Anayetuhusu ni yule mtoto, na mtoto hatumwoni. Nataka tuzungumze juu ya hao watoto, wanakaa wapi, wanakula nini, na tunawatambuaje mapema.

Naomba kuwasilisha.

#2 Mnazi_Mmoja_Tanga

Mkuu salama. Huyu si ndiye chonga wetu wa kwenye minazi? Naye anatoboa, naye mkubwa.

#3 Seremala_Kibosho

Salama kaka. Hapana, chonga ni jamaa wa mbali. Chonga ana pembe moja ngumu puani kama kifaru na vipapasio vyake vifupi. Huyu hana pembe yoyote, zile zinazoonekana kama pembe ni vipapasio vyenyewe. Halafu mwenendo wao ni kinyume kabisa. Kwa chonga, mkubwa ndiye anayetoboa kilele cha mnazi, na buu lake linakaa kwenye samadi na magogo yaliyooza. Kwa huyu wa kahawa, mkubwa anatafuna magome ya vijiti vichanga tu, buu ndilo linaloua mti. Asante kwa kuliuliza, maana wengi wanawachanganya.

#4 Mzee_wa_Lyamungo

Wanangu, nimesoma yote. Kijana wa Kibosho umesema kweli, niongeze ninayoyajua, kahawa nimeishika tangu nikiwa mtoto.

Mdudu huyu ni mwenyeji kuliko kahawa. Mapadre walipanda kahawa Kilema mwaka 1898. Yeye alikuwepo porini kabla ya hapo, akiishi kwenye vichaka vya asili ambavyo ni ndugu wa mbuni. Kahawa ilipopandwa shamba baada ya shamba, alipata karamu. Kwa hiyo msiseme ameletwa na wageni, amelelewa na sisi.

Anapenda joto. Mashamba ya ukanda wa chini, chini ya mita 1,500, ndiyo anayoyasumbua zaidi, na hasa shamba lililotupwa. Zamani mashina yalipakwa dieldrini. Ilikuwa sumu kali inayokaa kwenye udongo miaka na miaka, na leo imepigwa marufuku duniani. Sitamani irudi, nilishuhudia tulivyoipaka kwa mikono mitupu.

Dawa iliyobaki ni macho. Jike anataga kwenye nyufa za gome, sehemu ya chini ya shina, kutoka udongoni hadi usawa wa goti hivi. Kwa hiyo kabla mvua hazijaanza, chukua kipande cha gunia gumu, sugua shina hadi gome liwe laini. Usikwangue kwa panga, utalijeruhi. Gome likiwa laini hana pa kuficha yai. Ondoa majani makavu yaliyoegemea shina ili upaone. Ukiona maranda mapya chini ya mbuni, meupe kama yametoka karakana, ujue yumo. Tafuta tundu, ingiza waya, msukume mpaka usikie amekwama. Mti ulioshindikana ng'oa na uchome moto, na uchome kabla ya mvua, maana ukiuacha kama kuni nyuma ya jiko atatoka humo humo akarudi shambani.

Hili la kuni wengi hawalijui.

#5 Seremala_Kibosho

Shikamoo mzee. Hilo la kuni limenigusa. Mibuni yangu ile 14 niliikata nikaipanga kuni. Sina shaka huyu aliyegonga taa katoka pale. Kesho nazichoma zote.

#6 Mzee_wa_Lyamungo

Marahaba mwanangu. Usingoje kesho kutwa.

#7 Njia_ya_Duluti

Naomba nimsemee kipepeo kidogo, mimi natembeza wageni msituni Ziwa Duluti, Tengeru. Huyu Papilio dardanus namwona karibu kila siku yenye jua, na bado sijamchoka.

Dume ni rahisi: manjano ya maziwa na nyeusi, nyuma ana mikia miwili. Unamkuta njiani palipolowana, ametua na mrija wake ameuingiza kwenye tope, anafyonza chumvi. Mara nyingi wako wengi pamoja, wote madume.

Jike ndiye wa ajabu. Mpaka leo nikimwonyesha mgeni ananibishia kwamba ni aina nyingine. Huku kwetu majike hawana mikia, na hawafanani na dume hata kidogo. Tena hawafanani hata wao kwa wao! Mmoja mweusi kwa mweupe, mwingine ana rangi ya chungwa, mwingine ana vidoa vidogo. Kila mmoja ameiga kipepeo mwingine ambaye ndege hawamli kwa sababu ya sumu na uchungu. Wa rangi ya chungwa ameiga Danaus chrysippus, yule mnayemwona kila mahali barabarani Arusha, ambaye viwavi wake wanakula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu. Jike wa dardanus hana sumu hiyo, kavaa nguo tu. Ndege aliyewahi kuonja yule wa kweli anamwacha na huyu.

Zamani wazungu waliwapa hawa majike majina tofauti wakidhani ni aina tofauti. Roland Trimen, aliyekuwa Afrika Kusini, ndiye aliyeandika mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa dume mmoja. Na Madagaska majike wanafanana na dume, manjano na mikia yao.

Halafu mtazame anapotaga. Anatua juu ya jani, anapigapiga kwa miguu ya mbele haraka haraka kama mtu anayebisha hodi. Anaonja. Ladha anaipata miguuni. Jani likikataa anaruka, likikubali anakunja tumbo na kuweka yai moja tu. Hapo ndipo anaamua mtoto wake atakula wapi, lile alilosema Seremala.

#8 Biashara_Kwanza

Uzi mzuri ila niulize kwa nia njema. Mbawakawa nimeelewa, ana hasara, lazima tumjue. Kipepeo ana faida gani kwa mtu wa kawaida? Mbali na watalii.

#9 Nesi_wa_Zamu

Biashara, swali lako nitalijibu kama mkunga, maana hapa nina la kusema.

Mama mwenye damu ya Rhesus hasi (ile alama ya kutoa kwenye kundi la damu) akibeba mtoto mwenye chanya, damu ya mtoto inaweza kuingia kwa mama wakati wa kujifungua, mwili wa mama ukatengeneza kinga dhidi yake. Mtoto wa kwanza mara nyingi anapona. Wa pili na wa tatu ndio wanaoshambuliwa tumboni, wanazaliwa na manjano makali, wengine hawafiki. Leo tunampa mama sindano ya anti-D ndani ya saa 72 baada ya kujifungua na tatizo linazuiwa. Nimeidunga mwenyewe mara nyingi.

Sasa kati ya watu walioifikia sindano ile, kundi moja lilikuwa Liverpool, Uingereza, likiongozwa na daktari Cyril Clarke. Clarke alikuwa daktari wa binadamu lakini mapenzi yake yalikuwa vipepeo. Miaka ya 1950 yeye na Philip Sheppard walikuwa wanazalisha vipepeo, na mmoja wa vipepeo hao ni huyu huyu Papilio dardanus, kutaka kujua jike anarithije nguo zake. Walikuta kwamba vinasaba vya mabaka na rangi vinarithiwa kwa fungu moja. Clarke akaona hilo linafanana na jinsi makundi ya damu ya Rhesus yanavyorithiwa, akahamia kwenye Rhesus, na kutoka huko akina Ronald Finn na wenzake wakafika kwenye kinga. Kundi jingine la New York lilifika hapo hapo wakati huohuo kwa njia yake, siwanyimi haki yao.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikuwa zamu ya usiku. Asubuhi nikitoka nikamwona dardanus dume kwenye maua ya uzio. Nilisimama pale mpaka bodaboda wangu akaniita.

#10 Biashara_Kwanza

Dada nimenyamaza. Mke wangu alipata sindano hiyo. Mtoto wetu wa pili ana miaka mitatu.

#11 Nesi_wa_Zamu

Mungu amkuze kaka.

#12 Form_Six_PCB

Shikamooni wote. Seremala, binti yako aliuliza yupi mkubwa. Kwa dunia nzima jibu ni lipi, mbawakawa mkubwa wa jamii hii na kipepeo mkubwa?

#13 Seremala_Kibosho

Marahaba mdogo wangu. Hili nimelisoma kwa ajili yake, wacha nilete.

Katika jamii ya hawa wenye vipapasio virefu, ambayo ina aina zaidi ya 30,000, mkubwa ni Titanus giganteus wa misitu ya Amazoni, Amerika ya Kusini. Anafika sentimita 16.7 bila kuhesabu vipapasio, yaani anazidi urefu wa rula ya sentimita 15 ya mkebe wa shule. Taya zake zinakata penseli. Linnaeus, yule mtaalamu wa majina ya viumbe, alimpa jina mwaka 1771, na hadi leo hakuna aliyewahi kuliona buu lake porini. Mdudu anayejulikana kwa miaka 250 na utoto wake haujaonekana! Wanadhani yuko chini, kwenye mizizi na mbao zilizooza. Mkubwa mwenyewe hali kitu, anaishi kwa akiba aliyokusanya akiwa buu, anatafuta jike na kufa.

Kipepeo mkubwa duniani ni Ornithoptera alexandrae wa Papua New Guinea, jimbo moja tu la Oro. Jike anavuka sentimita 25, bawa kwa bawa. Anaruka juu sana vileleni, kiasi kwamba mzungu wa kwanza kumpata, Albert Meek, mwaka 1906, alimpiga risasi za bunduki ndogo. Jina alipewa na Walter Rothschild mwaka uliofuata kwa heshima ya malkia Alexandra wa Uingereza. Kiwavi wake anakula mtambaazi mmoja wenye sumu, na sumu hiyo anaihifadhi mwilini, kwa hiyo huyu havai nguo za kuazima kama dardanus, sumu ni yake. Mwaka 1951 mlima Lamington ulilipuka na kuunguza sehemu kubwa ya msitu wake. Sisi tunaoishi chini ya Kibo na Meru tunaweza kulifikiria hilo bila kuelezwa sana. Siku hizi tishio lake kubwa ni mashamba ya michikichi, na kumuuza nje ni marufuku kimataifa.

Kwa Afrika, kipepeo mkubwa ni Papilio antimachus, anapita sentimita 20, lakini yuko misitu ya magharibi na Kongo hadi magharibi mwa Uganda. Huku kwetu tuna hawa wa sentimita 9 na 10.

Niliposoma habari za Titanus nikarudi palepale. Titani mkubwa amejengwa na buu ambalo halijaonekana, na yule wa Papua anategemea mtambaazi mmoja wa utoto wake. Ukiukata mtambaazi hata umlinde mkubwa kwa bunduki, hana kesho.

#14 Marangu_Mtoni

Mimi nitoe ushahidi wa vipepeo wengine wakubwa. Mama yangu anapika mbege, pombe ya ndizi. Siku ndizi zinapopoa kwenye pipa zikianza kuchacha, wanakuja vipepeo wanene, wenye misuli, mabawa ya nyuma yana ncha mbili, chini yana michoro kama kitenge. Hawaendi kwenye maua kabisa. Wanatua kwenye povu la ndizi na kwenye machicha, wanakaa hadi unawashika kwa mkono. Kwanza nilidhani ni hao hao.

#15 Njia_ya_Duluti

Hao ni Charaxes, jamii nyingine kabisa. Matunda yaliyochacha, utomvu wa miti iliyojeruhiwa na kinyesi cha wanyama ndiyo chakula chao. Watafiti wanawanasa kwa mtego wa wavu na ndizi iliyochacha, mama yako amewawekea mtego bila wavu.

Na huo utomvu ndio unaoweza kuwakutanisha na mbawakawa wetu. Mti unaotobolewa na mabuu unavuja, na Charaxes wanakuja kunywa pale. Nimewaona Duluti kwenye shina moja, kipepeo ananywa, sisimizi wananywa, nyigu wananywa.

#16 Shamba_Darasa

Mimi niseme wazi, nikiona dundu yeyote mwenye vipapasio virefu namuua. Sina muda wa kuchagua.

#17 Seremala_Kibosho

Ndugu yangu, maumivu yako nayajua, mibuni 14 si mchezo. Lakini naomba tusifanye hivyo. Kwenye mbao ninazopokea karakana, za mgrivea, za mringaringa, za mfuruanje, nakutana na njia za mabuu ya jamii hii mara nyingi. Karibu zote zimechimbwa kwenye mti uliokwisha kufa au tawi lililokauka. Wengi wa jamii hii kazi yao ni hiyo, kuvunja mti uliokufa urudi kuwa udongo. Bila wao na mchwa na uyoga, msitu wa Rau ungejaa magogo hadi hatuna pa kupita. Na kigong'ota anaishi kwa mabuu hayo, ile milio yake ya asubuhi anawatafuta wao.

Anayekula mbuni ulio hai ni wa kutambua: mabawa meupe yenye mabaka, ukubwa wa sentimita 3, anatokea mvua zikianza, na unamkuta kwenye kahawa yenyewe au karibu yake. Huyo mtoe bila huruma. Wa kahawia mtupu aliyeingia ndani kwa sababu ya taa, mrushe nje.

#18 Shamba_Darasa

Sijakubali yote ila picha ya mabawa meupe nitaishika. Kuna mtu ana picha?

#19 Mzee_wa_Lyamungo

Njoo shambani kwangu, nitakuonyesha aliyekufa ninaye kwenye chupa. Taasisi ya utafiti wa kahawa nayo iko hapa hapa Lyamungo, ukipita waulize pia miche inayostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Lakini usidanganyike, mche huo nao mbawakawa anautoboa kama mwingine. Gunia ni lilelile.

#20 Seremala_Kibosho

Mrejesho wakuu. Nimechoma kuni zote jana jioni. Zilipokuwa zinawaka yalianguka mabuu mawili kutoka ndani, meupe, manene, bila miguu, kichwa cha kahawia kimezama kifuani, karibu urefu wa kidole changu kidogo. Kumbe katika zile kuni kavu nilizodhani zimekufa kulikuwa bado na wengine.

Leo asubuhi nimepita mbuni kwa mbuni na kipande cha gunia, binti kashika waya. Kati ya 60 na kitu tumekuta maranda mapya kwenye mitatu. Wawili waya umefika. Mmoja tundu limepinda, tumeliziba kwa udongo na kuweka alama ya kamba nyekundu, nitaurudia Jumamosi.

Tukirudi, pale kwenye mlimau binti akaniita. Juu ya jani changa kuna yai moja, la duara, rangi ya krimu, dogo kuliko kichwa cha pini. Pembeni kidogo, jani la pili, kuna kiwavi ameshatoka siku nyingi, anafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Binti alimgusa kwa kijiti, akachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, akazirudisha. Sijui bado kama ni wa dardanus au wa demodocus, yule kipepeo wa malimau wa kawaida. Tumekubaliana hakuna kuukata mlimau wala kuupulizia dawa mpaka agande pupa tumwone akitoka. Binti ameandika tarehe kwenye daftari, ukurasa uleule wenye rula.